Jini wa kitabuni hapandi kichwani

Kwenye daladala ya kutoka Jamatini, hapa Dodoma, mama mmoja aliliona joka kwenye jalada la kitabu changu akavuta mkoba wake upande wa pili. "Mwanangu, hayo mambo ya giza hayo." Nikamjibu "Sawa, mama," nikageuza jalada. Daladala imejaa mpaka mlangoni, utafundishaje fasihi humo?

Ila dhana yake naikuta hata kwetu sisi tunaochambua vitabu mtandaoni: kwamba fantasia, yaani hadithi za majoka na uchawi, ni mlango wa ushirikina, na mcha Mungu aipishe mbali. Uchawi na ramli vimekatazwa, Kumbukumbu la Torati 18, sibishi. Sasa fungua Waamuzi 9. Yothamu anasimama juu ya mlima Gerizimu anawasimulia watu wa Shekemu habari za miti iliyotoka kujitafutia mfalme. Mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu nao (Dodoma tunamwelewa mzabibu, ana kazi zake) ukakataa. Mti wa miiba ndio ukakubali. Waliomsikia walijua anamsema Abimeleki, waliyemtawaza mfalme, wala hawakudhani anaabudu miti. Kuroga na kusimulia ni vitu viwili.

Wengine husema fantasia ni ya Wazungu. Hawa nawajibu haraka: riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, inahusu nchi iliyo angani. Katika kitabu chake kingine, Adili na Nduguze, Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani kwa nguvu za jini kwa yale waliyomtendea ndugu yao. Mtunzi alikuwa Mwislamu wa Tanga. Na jina la mji wetu lenyewe, si tunasimuliwa habari za tembo aliyedidimia topeni?

Basi angalau hao Wazungu walioandika majoka walikuwa wapinga dini? Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, alikuwa Mkatoliki wa kushika dini hasa. Rafiki yake, C. S. Lewis, mwandishi wa hadithi za Narnia, ndiye aliyekaa miaka mingi bila imani. Usiku mmoja wa Septemba 1931, huko Oxford, Lewis, Tolkien na rafiki yao Hugo Dyson walitembea na kuzungumza mpaka usiku wa manane. Mada yao ilikuwa visasili: hadithi hizo za kale ni uongo mtupu, au zinabeba ukweli? Siku chache baadaye Lewis alipanda kiti cha pembeni cha pikipiki ya kaka yake kwenda bustani ya wanyama ya Whipsnade. Alisema alipoondoka hakuamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, na alipofika aliamini. Mapenzi ya hadithi yalimpeleka kwenye imani, hayakumtoa.

Msidhani basi wawili hao walikubaliana kila kitu. Lewis aliingia Anglikana, Tolkien akasikitika. Hadithi za Narnia nazo Tolkien hakuzipenda. Hata hivyo alikiri kwamba bila Lewis kumtia moyo asingeimaliza The Lord of the Rings. Ndiyo maana nashangaa sisi wachambuzi tunapofutana simu kwa sababu ya nyota mbili tu alizopewa mwandishi tunayempenda.

Dhana ya mwisho ilikuwa yangu mwenyewe. Nina rafiki wa Kondoa, Mwislamu, tumejuana kwa kuchambuliana vitabu miaka miwili kabla ya kuonana uso kwa uso. Niliandika kwamba majini ni "viumbe vya kubuni, kama majoka". Akanipigia: "Kaka, kwako vya kubuni. Kwetu majini wana sura nzima ndani ya Kurani, ya 72. Sema huyu wa kitabuni kabuniwa, usiseme majini wote." Kumbe nilikuwa nimewafanyia Waislamu lile lile nililomlaumu mama wa daladala, kuamua mambo ya imani ya mtu kwa kuangalia jalada.

Nilirekebisha uchambuzi usiku uleule. Kuhusu joka, bado tunabishana.