Mhariri si mganga: tunayodanganyana kuhusu kuediti filamu fupi ya chuo

Ukiwasindikiza vijana wa chuo wanaopiga filamu fupi pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki ufukweni Mwanza, kuna maneno utakayoyasikia kila baada ya shoti mbili tatu: "Twende, tutarekebisha kwenye editi." Upepo umepiga maiki, twende. Stelingi kasahau maneno, twende. Mpita njia katazama kamera akacheka, twende. Anayetwishwa mzigo wote huo hata hayupo hapo. Yuko hosteli Malimbe anasubiri flashi.

Flashi ikishafika, kikundi kilekile kilichomdai miujiza kinaanza kumkatalia mambo anayoyaweza kweli: kukata mwanzo, kuhamisha sini, kutupa shoti ya droni. Dhana potofu karibu zote kuhusu kuediti zinatoka kwenye mkanganyiko huo. Tunamtaka mhariri afanye yasiyowezekana, kisha tunamnyima yaliyo kazi yake.

Nitatumia mfano mmoja ili tusipotezane. Tuseme filamu ni ya dakika kumi: mama mchuuzi wa dagaa Kirumba, mwanawe aliingia ziwani jioni, sasa kumekucha na mtumbwi haujaonekana. Watu watatu, mahali pamoja.

"Tutarekebisha kwenye editi"

Vipo vinavyorekebishika. Shoti yenye giza kidogo, rangi iliyoelemea unjano, feni inayovuma kwa namna ileile tangu mwanzo hadi mwisho: vyote hivyo vina dawa. Picha iliyoungua haina. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko karibu na utosi, na maji yanaurudisha mwanga wake machoni. Ukipimia mwanga uso wa mama aliyekaa kivulini, ziwa lililo nyuma yake linakuwa jeupe tupu. Ndani ya weupe huo hamna wimbi wala mtumbwi uliojificha. Ukiushusha kwenye programu utapata kijivu, hutapata maji.

Sauti ndiyo inayoua filamu nyingi zaidi, na hapa ziwa lenyewe linahusika. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na upepo unatoka ziwani kuja kujaza nafasi. Kwa hiyo mandhari ile inayokuvutia saa tisa alasiri ndiyo inayopuliza moja kwa moja kwenye maiki isiyovikwa manyoya ya kuzuia upepo. Sauti ikirekodiwa juu kupita kipimo hadi ikakatwa, kilichokatwa hakikuhifadhiwa popote. Programu za kusafisha kelele, pamoja na hizi mpya za akili mnemba, zinaimudu kelele isiyobadilika. Bodaboda ikipita katikati ya neno ni habari nyingine, kwa sababu mngurumo na maneno vimekaa kwenye masafa yaleyale. Ukiuondoa mmoja unaondoka na kipande cha mwingine, na mama anabaki akiongea kama yumo ndani ya pipa.

Mhariri angekuwepo siku ya kupiga, angeomba kitu kimoja tu: nusu dakika ya kurekodi mahali penyewe, kikundi kizima kikiwa kimya. Mwaloni haunyamazi, kuna makasia, wachukuzi na wanaopigia dagaa bei, na ndiyo sababu hasa unaihitaji nusu dakika hiyo. Kipande hicho ndicho anachotandaza chini ya mazungumzo ili masikio yasishtuke kila anapohama kutoka shoti moja kwenda nyingine. Bila hicho, kila mkato unasikika hata kama hauonekani.

Kisha kuna shoti ambayo haikupigwa kabisa. "Tutarudi kuipiga." Kwa filamu hii ya dagaa, kauli hiyo ina mtego ambao mgeni hawezi kuujua. Wavuvi wa dagaa hutegemea usiku wa giza, maana wanawavuta kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa taa hazina mvuto, na wengi hupumzika. Ukigundua siku za mwezi mpevu kwamba huna shoti ya zile taa zilizotapakaa ziwani, utangoja giza lirudi, huku tarehe ya kukabidhi kazi haingoji. Wengine huokoa jahazi kwa klipu ya zamani waliyopewa na mtu. Sawa, lakini kagua kilichomo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya magari yanayosubiri kivuko pale inamwambia mtazamaji wa Sengerema kwamba hadithi ni ya kale, utake usitake.

"Mwigizaji akiwa mbovu, editi haina la kufanya"

Hapa tunakosea kwa upande wa pili. Miaka mia moja hivi iliyopita, Lev Kuleshov wa Urusi ya Kisovieti alichukua uso wa mwigizaji mmoja usioonyesha chochote, akaubandika kando ya picha tofauti: sahani ya supu, mtoto ndani ya jeneza, mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa njaa, majonzi na tamaa aliyoigiza, ilhali uso ulikuwa uleule. Wasimulizi hawaafikiani kuhusu picha zilikuwa zipi hasa, ila jambo lenyewe unaweza kulijaribu leo usiku kwa simu yako.

Mtazame mama yetu. Akitazama mbele, kisha tukaona ziwa tupu, ana hofu. Uso uleule, kisha mtu wa mikopo akishuka kwenye bodaboda, ana deni. Uso uleule, kisha kijana wa jirani akikunja nyavu, nadhani ana wivu, na sasa filamu imekuwa na kitu ambacho skripti haikuandika. Hakuna aliyemwambia aigize zaidi.

Ndiyo maana mhariri mwenye akili hafuti sekunde zilizo kabla ya direkta kusema "akshen" na baada ya kusema "kata". Mwigizaji wa mara ya kwanza huigiza kupita kiasi katikati ya hapo. Kabla hajaanza, anapomsubiri mtu wa kamera amalize kuhangaika na lenzi, uso wake ni wa mtu anayesubiri kweli, na filamu nzima ni ya mtu anayesubiri! Wengi wanaipunguza klipu kwanza "isijaze kompyuta", wanaitupa dhahabu, kisha wanalalamika kwamba hawana kitu.

Hata maneno yaliyosemwa vibaya yana njia. Tumia sauti ya utamkaji wa pili juu ya picha ya utamkaji wa nne, mradi mdomo hauonekani. Au usimwonyeshe msemaji kabisa, mwonyeshe anayesikia. Habari ya msiba inauma zaidi usoni kwa anayeipokea kuliko kwa anayeileta. Sauti ya sini inayofuata ikianza sekunde moja kabla ya picha yake, mtazamaji anavutwa mbele bila kujua kavutwa na nini.

"Kata sana, weka efekti, ionekane ya kisasa"

Dhana hii imetoka kwenye video za muziki na video za simu, na huko ina mantiki yake. Kwenye hadithi ya kusubiri inaharibu. Ukimkata mama kila sekunde moja na nusu, umemwondolea mtazamaji kitu pekee anachopaswa kukipitia pamoja naye, yaani muda. Mwache akae. Mtazamaji akianza kujiuliza "mbona hakuna kinachotokea", yeye pia ameanza kutazama ziwa.

Walter Murch, mhariri wa Marekani, ana orodha ya mambo ya kupima kabla ya kukata, kila jambo na uzito wake: hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, jicho la mtazamaji liko wapi 7, mpangilio wa picha bapa 5, na mwendelezo wa nafasi halisi, yaani nani au nini kiko wapi, 4. Namba hizo ni namna yake ya kupanga vipaumbele, hakuna aliyezipima kwa mizani. Ila tazama kilicho mwisho. Vikundi vya wanafunzi hugombana usiku kucha kwa sababu kikombe kilikuwa mkono wa kulia na sasa kiko wa kushoto, huku sini nzima haina hisia yoyote na hakuna anayelisema hilo. Kama hisia imeshika, kikombe hakionekani. Kama haikushika, ndipo mtu anapata nafasi ya kuangalia vikombe.

Kuhusu picha kuzunguka, kupasuka au kugeuka ukurasa kati ya sini na sini: acha.

"Hii tumeihangaikia, lazima iingie"

Droni ya kukodi, asubuhi nzima, Jiwe la Bismarck linazungukwa taratibu huku jua likichomoza. Nzuri kweli. Mama yetu lakini hayuko hapo, na hadithi iko Kirumba. Mtazamaji hajui mlilipa shilingi ngapi wala nani alilowa. Ni mhariri tu anayeweza kuitazama shoti hiyo bila kukumbuka jasho, na ndiyo sababu ninapendelea asiwepo siku ya kupiga, hata kama nusu ya malalamiko yangu hapo juu yangepungua angekuwepo. Kwenye Apocalypse Now ya 1979, Murch na wenzake walikuwa na zaidi ya saa 230 za picha ili kupata filamu ya saa mbili na nusu hivi. Kilichotupwa kiligharimu zaidi ya droni.

Kitu cha kwanza cha kutupa ni kawaida dakika ya kwanza. Filamu za wanafunzi huanza kwa nembo ya kikundi, majina, mji kutoka angani, kengele ya simu, mhusika anaamka, anapiga mswaki. Anza mama akiwa tayari mwaloni, beseni halina kitu, macho yako majini. Aliamka saa ngapi hakuna aliyeuliza.

Na si lazima ifike nusu saa ndipo iitwe filamu. Waandaaji wa tuzo za Oscar wanaihesabu filamu kuwa fupi ikiwa haizidi dakika 40 pamoja na orodha ya majina. Hiyo ni dari, na kwa hadithi ya mama mmoja na mtumbwi mmoja hata dakika nane zinatosha.

"Sina programu ya kulipia, laptopu yangu ni ya kizee"

Parasite ya Korea Kusini, iliyochukua Oscar ya filamu bora mwaka 2020, ilihaririwa kwa Final Cut Pro 7, programu iliyotoka 2009 na kuachwa na watengenezaji wake 2011. Toleo la bure la programu ya DaVinci Resolve linatoa picha hadi 4K bila alama yoyote juu yake. Laptopu ikikwama, tatizo huwa ni uzito wa faili: picha ya 4K ina nukta milioni 8.3, ya 1080 ina milioni 2.1, mara nne pungufu. Tengeneza nakala nyepesi, kata kwa hizo, na programu itarudi kwenye faili za asili wakati wa kutoa kazi.

Kwa waliopiga kwa simu kuna ugonjwa mwingine ambao hulaumiwa programu bure. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, kwa sekunde kadiri mwanga unavyobadilika. Ukiunganisha picha hiyo na sauti ya rekoda, mwanzo midomo inapatana na maneno, dakika chache mbele vimeachana. Geuza klipu zote ziwe na idadi moja ya fremu kwa programu ya HandBrake, ambayo ni ya bure, kabla hujakata chochote. Ukishaanza kukata umechelewa.

"Wimbo ukiwa chini ya sekunde thelathini si wizi"

Hamna sekunde za bure. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 haimpi mtu yeyote sekunde thelathini, wala kumi, za kuchukua wimbo wa mwenzake na kuuweka chini ya filamu. Kuandika "shukrani kwa msanii" mwishoni ni adabu, si ruhusa. Na wimbo mmoja una wenyewe zaidi ya mmoja, aliyeutunga na aliyeurekodi. Hata ngoma ya Bugobogobo uliyoirekodi mwenyewe ina haki za wanaocheza na kupiga, kwa hiyo wape karatasi wasaini siku ileile, kabla hawajapanda gari kurudi kwao. Matamasha huuliza karatasi hizo, na kuwatafuta watu baada ya miezi sita ni kazi nyingine kabisa.

"Wenzangu wameiona, wamesema iko poa"

Wenzako wameisoma skripti. Kila mahali filamu ilipoacha shimo, wao wamelijaza kichwani bila kujua. Mtafute asiyejua lolote, dada wa mgahawa au mwenzako wa kitivo kingine, kaa nyuma yake umwangalie yeye badala ya skrini. Anaposhika simu, andika dakika. Mwishoni usimuulize kama ni nzuri. Muulize imetokea nini. Akisema mtoto alizama, na wewe ulitaka ajue alitoroka kwenda Ukerewe, tatizo liko kwenye mpangilio wa shoti, na bado una siku za kulitatua.

Kisha ipeleke kwenye ukumbi utakakoonyeshea, mapema, hata kwa dakika tano. Projekta za vyuo hula giza: alfajiri uliyoipaka rangi kwa upole kwenye laptopu inaweza kufika ukutani ikiwa nyeusi tii, na maandishi ya tafsiri uliyoyaweka madogo ili yapendeze hayasomeki kutoka safu ya nyuma. Nenda na faili lenyewe ulilolitoa, usiende na mradi ulio kwenye programu, na ulicheze hadi jina la mwisho lipite. Fremu nyeusi iliyosahaulika kati ya sini mbili, au sauti inayotoka spika ya kushoto peke yake, huonekana hapo tu.