Mwezi wa Nne wa Mimba: Kichefuchefu Kimekwisha, Mtoto Bado Hachezi

Wajawazito wanaoingia mwezi wa nne huja kliniki na swali moja: "Nesi, mbona sijisikii tena kama nina mimba?" Kutapika kumekoma, hamu ya chakula imerudi, usingizi wa mchana umepungua. Badala ya kufurahi, mama anaingiwa na hofu kwamba mtoto ameharibika.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Homoni inayohusishwa na kichefuchefu hupanda hadi kilele karibu na wiki ya 10, kisha hushuka, na wengi hupata nafuu kati ya wiki ya 12 na 16. Mtoto naye bado ni mdogo mno kumsikia. Wiki ya 16 ana uzito wa gramu 100 hivi. Mwenye mimba ya kwanza huanza kumsikia akicheza wiki ya 18 hadi 20; aliyekwisha kuzaa anaweza kumsikia tangu wiki ya 16. Hata fetoskopu, ile ya mkunga kuweka sikio, haipati mapigo ya moyo hadi karibu wiki ya 20. Kwa hiyo mkunga asiposikia kitu wiki ya 15, usianze kulia.

Ukimya huu ndio unaowafanya wengi wachelewe kuanza kliniki. Wengine husubiri tumbo lionekane, wengine wanaogopa vijicho. Mimba ifiche kwa majirani ukipenda, lakini kliniki usiifiche, maana kuna mambo yasiyosubiri tumbo.

La kwanza ni malaria. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, na mama anaweza kuwa navyo bila homa yoyote huku damu yake ikipungua na mtoto akikosa lishe. Waliobeba mimba ya kwanza ndio huathirika zaidi. Ndiyo maana sehemu zenye malaria nyingi, SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, huanza kutolewa miezi mitatu ya kwanza ikishapita: vidonge vitatu kwa mara moja, unameza palepale mbele ya mhudumu, kisha unarudia kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP, kwa hiyo usimfiche mhudumu dawa unazotumia. Mwonyeshe pia vidonge vya foliki asidi ulivyonunua dukani. Vile vya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP. Kwa kawaida miligramu 0.4 kwa siku inatosha.

La pili ni damu. Katika miezi hii maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo kipimo cha wingi wa damu (himoglobini) hushuka hata kwa mama anayekula vizuri. Meza vidonge vya kuongeza damu kwa maji au juisi ya chungwa, si kwa chai. Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Choo kikiwa cheusi, ni vidonge hivyo. Kikiwa kigumu, ongeza maji, mboga na papai lililoiva. Na hamu ya kula udongo (najua wapo wanaonisoma wakiwa na kipande mdomoni) mara nyingi huendana na upungufu wa damu. Mwambie mkunga akupime, hakuna atakayekucheka.

Maumivu ya kuvuta pembeni mwa kinena unapoinuka ghafla ni mishipa inayoshikilia mfuko wa uzazi ikitanuka. Kizunguzungu nacho ni cha kawaida kwa kuwa presha hushuka kidogo, inuka taratibu. Ufizi unaweza kutoka damu ukipiga mswaki. Haya yasikunyime usingizi.

Lakini ukitoka damu ukeni hata kidogo, ukivuja maji, ukipata homa, maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, au mkojo unaochoma, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yako bado wiki tatu.