Mlinzi wa katiba ni nani?

Pale steji ya boda Kondele, Kisumu, ubishi kuhusu kesi za serikali huzimwa kwa kauli moja: "Hiyo si sheria, ni siasa." Anayeitoa hudhani amemaliza. Kumbe ndipo penyewe pa kuanzia, kwa sababu mpaka huo kati ya sheria na siasa ndio uliozaa dhana ya "mlinzi wa katiba".

Chukua soja wa ploti. Mwizi wa nje anajua kumfukuza. Je, landlodi akija usiku kubeba televisheni ya mpangaji? Katiba nayo ina shida hiyo: anayeivunja mara nyingi ni mwenye funguo.

Hans Kelsen, aliyesaidia kuandika katiba ya Austria ya 1920, alisema mlinzi awe mahakama. Kila sheria hupata nguvu kutoka kwa iliyo juu yake, hadi kwenye katiba. Ya bunge ikienda kinyume, majaji waifute. Mwaka 1931 mwanasheria Carl Schmitt wa Ujerumani alimpinga: jaji akifuta sheria ya bunge ameshaingia siasani, kwa hivyo mlinzi awe rais, ambaye taifa zima limemchagua. Kelsen hakukana kwamba jaji huonja siasa. Alichokataa ni mtu kuhukumu kesi yake mwenyewe. Mwaka 1933 madaraka ya dharura ya rais, ibara ya 48 ya katiba ya Ujerumani, yalitumiwa kusimamisha haki za raia, na Schmitt akajiunga na chama cha Wanazi.

Ila tusimvike Kelsen taji haraka. Yeye mwenyewe alikuwa jaji wa Mahakama ya Katiba ya Austria, wa maisha. Uamuzi wa mahakama hiyo kuhusu ndoa za pili za Wakatoliki waliotalikiana uliwaudhi wahafidhina. Katiba ikarekebishwa 1929, mahakama ikaundwa upya 1930, naye akawa nje. Hakuna mlango uliovunjwa. Kila kitu kilipitia bungeni, na hapo ndipo mimi hushindwa kusema sheria iliishia wapi.

Kenya tuliionja. Mwaka 1988 bunge lilirekebisha katiba, rais akaweza kumfuta jaji bila jopo la kumchunguza. Kinga hiyo ilirudishwa 1990. Siku hizi, chini ya ibara ya 168 ya katiba ya 2010, malalamiko dhidi ya jaji huanzia Tume ya Huduma za Mahakama, kisha jopo, na rais hufuata pendekezo la jopo. Landlodi bado ana funguo, lakini soja hafutwi kwa simu.