Duomo siyo kuba, na siyo kila duomo ni kathedrali

Jamani, hili la duomo naomba tuliweke sawa, maana sasa limezidi. Mtu akienda Italia akatuwekea video, akishafika tu kanisani anainua kamera juu anasema "hii ndo duomo, yaani kuba", na watu kwenye komenti wanamshukuru kwa elimu. Hapana. Duomo ni kanisa lenyewe, zima, kuanzia ngazi za mlangoni mpaka msalaba wa juu, lile kanisa kubwa ambalo mji wa Italia unalihesabu kuwa ndo lake. Maana ndo hiyo, haina urefu. Kuba wao wanaiita cupola.

Neno limetoka kwenye Kilatini, domus, nyumba. Nyumba ya Mungu, au nyumba ya kanisa, yaani mapadre na jumuiya yao. Wajerumani nao wanasema Dom na maana ni hiyohiyo, kanisa. Hakuna mahali hapo penye paa la duara. Naelewa mkanganyiko unapotokea, ni Firenze (Florence), kwa sababu kuba aliyoijenga msanifu Brunelleschi kuanzia 1420 mpaka 1436 ni kubwa mno, kila picha ya lile kanisa ni kuba, basi mtu akisikia Duomo anajua ndo jina la kile anachokiona. Na Kiingereza nacho kina neno la kuba linalofanana na duomo, dome, ndo kabisa. Ila nenda Orvieto, mji mwingine wa Italia, kanisa lilianza kujengwa 1290, ukuta wa mbele umejaa mozaiki zinazong'aa jua la jioni likizipiga, kuba halina, na ni Duomo wala hakuna anayebisha.

Sasa kuna kosa la pili, na hili linanikera zaidi kwa sababu wanaolisema ni watu waliosoma. Wanasema duomo ni kathedrali kwa Kiitaliano. Mara nyingi ni kanisa lilelile kweli, lakini ni mambo mawili. Kathedrali inatokana na cathedra, kiti, na kiti chenyewe ni cha askofu. Kanisa linakuwa kathedrali kwa sababu askofu wa jimbo ana kiti chake mle, ukubwa na uzuri haviingii hapo. Ndo maana Mtakatifu Petro pale Vatikani, pamoja na ukubwa wote ule, siyo kathedrali ya Roma. Kathedrali ya Roma ni San Giovanni in Laterano, Papa kama askofu wa Roma kiti chake kiko kule. Duomo ni jina la mazoea ya watu wa mji, kathedrali ni cheo.

Mji unaoonyesha hili vizuri kuliko yote ni San Gimignano, kamji ka mkoa wa Toscana ambako wakazi hawafiki hata 8,000. Wengi wanaujua kwa minara, familia tajiri zilikuwa zinashindana nani ajenge mrefu zaidi, mapokeo yanasema ilifika 72, leo imebaki kama 14 na mrefu kuliko yote ni Torre Grossa, mita 54. Pesa ilitoka kwenye zafarani na kwenye Via Francigena, njia ya mahujaji wa kwenda Roma iliyopita katikati ya mji. Zamani mji ulikuwa chini ya askofu wa mji wa Volterra, mwaka 1199 wakaanza kujitawala. Wakawa na baraza lao, minara yao, kila kitu, lakini kiti cha askofu kikabaki kulekule Volterra.

Kwa hiyo kanisa lao kubwa, Santa Maria Assunta, lililotabarukiwa 1148, ni collegiata, yaani kanisa linaloendeshwa na jopo la mapadre wanaoitwa makanoni, bila askofu. Askofu hamna, kuba kama ile ya Firenze hamna, nje ukuta umekaa mtupu tu, na bado uwanja uliopo mbele yake unaitwa Piazza del Duomo na watu wa pale wanaliita Duomo, na wako sahihi. Usiishie nje lakini, tafadhali. Ndani kuta zimejaa michoro, upande mmoja Agano la Kale ya mchoraji Bartolo di Fredi ya 1367, upande wa pili Agano Jipya, na kuna kikanisa cha Santa Fina, binti aliyeugua akalala juu ya ubao mpaka akafa 1253. Mchoraji Ghirlandaio ndo aliyechora kifo chake. Wenyeji wanasimulia kwamba siku hiyo maua ya njano yalichipua kwenye ule ubao na kwenye minara, na mpaka leo ikifika Machi minara inachanua. Tauni ya 1348 iliuvunja mji, 1353 wakajiweka chini ya Firenze, pesa ikaisha, na ndo maana mambo mengi yamebaki yalivyokuwa, hakukuwa na wa kubomoa ajenge upya.

Basi ukiweka picha ya San Gimignano andika Duomo bila wasiwasi, au Collegiata ukitaka jina rasmi, ila kathedrali acha. Na zile ngazi 463 ulizopanda Firenze, sema umepanda kuba ya Duomo. Wenyewe wanasema hivyohivyo, cupola del Duomo.