Nakshi za Glasi za Kale za Sherehe: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Watu wengi wanaotazama glasi zilizonakshiwa Uholanzi katika karne ya 17 na ya 18, ambazo ziliinuliwa kuwatakia heri maharusi au kuiombea meli safari njema, hudhani kwamba michoro yake ilikatwa kwa patasi. Sivyo. Fundi alishika ncha ya almasi kama kalamu, au alitumia gurudumu dogo la shaba, ambalo lenyewe halikati kitu bali hubeba mafuta yaliyochanganywa na unga mgumu, na unga huo ndio unaoisaga glasi. Tena aliisogeza glasi chini ya gurudumu, hivyo mahali alipokuwa akichonga palifunikwa na gurudumu lenyewe. Njia hii ya gurudumu ilistawi Prague kwa mkono wa Caspar Lehmann, ambaye Rudolf II, Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi, alimpa haki ya pekee ya kuitumia mwaka 1609.

Wala kazi hii haikuwa ya mafundi wa karakana peke yao: Anna Roemers Visscher, aliyekuwa mshairi, alichora kwa almasi maua, wadudu na maandishi ya hati ya kupendeza.

Kinachoeleweka vibaya zaidi ni nakshi ya nukta, yaani picha iliyoundwa kwa nukta ndogo zilizogongwa kwa ncha ya almasi, aliyoiendeleza Frans Greenwood, mtumishi wa serikali ya mji wa Dordrecht. Mtazamaji hudhani kwamba nukta ndizo kivuli, kama ilivyo kwa wino juu ya karatasi, kumbe nukta ndizo mwanga, na kivuli ni glasi tupu isiyoguswa. Kwa hiyo msanii alilazimika kufikiri kinyume tangu mwanzo. Glasi yenye madini ya risasi ilimfaa kwa kuwa ni laini kuliko ya kawaida.

Dhana yenye madhara makubwa kwa wanunuzi ni kuamini kwamba mwaka uliochongwa ndio umri wa nakshi. Glasi zinazomsifu Mfalme William III wa Uingereza, Mholanzi aliyeshinda vita vya Boyne huko Ireland mwaka 1690, nyingi zilichongwa muda mrefu baada ya vita hivyo, na baadhi ni kazi ya Franz Tieze, mchongaji kutoka Bohemia aliyeishi Dublin katika karne ya 19. Glasi yenyewe huenda ikawa ya kale kweli na nakshi ikawa changa. Ndiyo maana mkaguzi makini hutumia lenzi kutazama mikwaruzo ya matumizi ya miaka mingi: ikiwa mistari ya nakshi imepita juu ya mikwaruzo hiyo na kuikata, nakshi ilikuja baadaye.