Mwanamke au mwanamume? Kwa nini mifupa hatuihukumu haraka

Mtu anayetafuta ndugu aliyepotea akifika kwetu, sisi tunaochunguza mifupa ya watu wasiotambuliwa, swali lake la kwanza huwa moja: "Daktari, hii mifupa ni ya mwanamke au mwanamume?" Ana haki ya kuuliza. Jibu hilo hupunguza orodha ya waliopotea karibu nusu, na hapo ndipo hatari ilipo. Nikiandika "mwanamume" kumbe nimekosea, mama anayemtafuta binti yake hataitwa kutoa sampuli ya DNA. Faili lake litabaki kabatini na mifupa ya mwanawe itabaki ndani ya boksi, pengine katika jengo lilelile. Kwa hiyo kitenzi chetu ni kukadiria, na "haijulikani" ni jibu halali kwenye ripoti zetu.

Kazi huanzia kwenye nyonga, kwa kuwa ndiyo njia anayopita mtoto akizaliwa. Nyonga ya kike kwa kawaida ni pana na haina kina kirefu, na pembe iliyo chini ya kinena imefunguka. Ya kiume imebana. Upande wa nyuma, juu ya pale tunapokalia, kuna mkato. Huwa ninautia kidole gumba. Kikicheza huku na huku, nafikiria mwanamke. Kikibanwa, nafikiria mwanamume. Hicho si kipimo cha kupeleka mahakamani, lakini mkono uliozoea huanza hapo.

Mfupa wenyewe wa kinena ndio unaosema mengi zaidi. Mwaka 1969 Mmarekani aitwaye Phenice alieleza alama tatu za kuangalia: tuta jembamba linalokatiza mshazari upande wa mbele, ukingo wa chini ulioingia ndani kidogo, zote mbili dalili za kike, na ukingo wa upande wa ndani ambao kwa wanawake ni mwembamba na kwa wanaume ni mpana. Aliripoti usahihi wa takriban asilimia 96. Shida ni kwamba kipande hicho ni chepesi. Mwili uliozikwa juu juu hufikiwa na mbwa au fisi, na meno yao hayajui umuhimu wa kinena. Mara nyingi tunaletewa nyonga isiyo na sehemu ya mbele kabisa.

Bila nyonga tunageukia fuvu. Jiguse nyuma ya sikio, utakuta kinundu cha mfupa. Kwa wanaume huwa kikubwa zaidi. Kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa juu wa tundu la jicho: kwa wanawake mara nyingi ni mkali, kwa wanaume ni butu. Kila alama tunaipa namba kuanzia 1, inayoelekea kike, hadi 5, inayoelekea kiume. Mimi fuvu peke yake siliamini sana. Kijana wa miaka 20 anaweza kuwa na fuvu laini la kukudanganya, na bibi wa miaka 70 akawa na fuvu lililokomaa kama la mzee wa kiume.

Na kabla sijaulizwa, maana kila nikizungumza na vijana wa kanisani lazima aulize mmoja: hapana, wanaume hawajapungukiwa ubavu. Wanawake na wanaume kwa kawaida wana jozi 12 za mbavu. Kuhesabu mbavu hakutusaidii kitu.

Vipimo navyo vina mtego wake. Ukipima kipenyo cha kichwa cha mfupa wa paja, lile tufe linaloingia kwenye nyonga, vitabu vya zamani vinakuambia kuwa chini ya milimita 42.5 ni mwanamke na zaidi ya 47.5 ni mwanamume. Namba hizo zilitokana na mifupa iliyohifadhiwa Marekani. Watafiti wa Afrika Kusini, walio na makusanyo yao Johannesburg na Pretoria, walikuta kwamba mifupa ya Waafrika weusi kwa wastani ni midogo kuliko ya Wazungu wa nchi hiyohiyo. Mtaalamu wa Nairobi akizibeba namba za Marekani kama zilivyo, atawageuza wanaume wengi wenye maumbo madogo kuwa wanawake. Kosa hilo halipigi kelele, kwa sababu jedwali linaonekana limejazwa vizuri kabisa.

Kwa watoto tunanyoosha mikono. Kabla ya kubalehe, mifupa ya msichana na ya mvulana haijaachana vya kutosha. Hata yule "Mvulana wa Turkana", mifupa ya kale ya binadamu wa mwanzo, ambaye mtafuta visukuku Kamoya Kimeu aliona kipande chake cha kwanza kule Nariokotome mwaka 1984 na sasa amehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi, uvulana wake ni makadirio. Alikufa kabla ya kukomaa. Kwa mtoto wa leo tegemeo ni DNA, kama ilivyokuwa kwenye makaburi ya msitu wa Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, wakiwemo watoto wengi, na familia zikatoa sampuli. Lakini DNA nayo huharibiwa na moto, joto na unyevu, ndiyo maana bado tunakaa mezani na mifupa.

Nguo tunaziandika ukurasa mwingine. Leso iliyokutwa na mifupa inaweza kuwa ilitumika kumfunika marehemu tu.

Ukiwa unachimba msingi au shimo la choo, iwe Kasarani au Rongai, jembe likagonga mfupa, simamisha kazi. Huenda ni wa mbuzi, na kuutambua ni kazi yetu, hutachekwa. Usiuoshe, usiupange, usiutie kwenye gunia. Piga picha ukiwa umesimama hapohapo, kisha piga 999 au 112. Na ule udongo ambao tayari umeutoa, usiruhusu lori liubebe. Kipande cha kinena hakizidi sana kibiriti kwa ukubwa, na kikipakwa tope kinafanana na kokoto.