Namba tasa kubwa kuliko zote? Haipo
Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 inayogawanyika kwa 1 na yenyewe tu. Ile iliyopatikana 2024, yaani 2 kwa kipeo cha 136,279,841 halafu utoe 1, ina tarakimu 41,024,320, na watu wengi wanadhani ndo imefika mwisho, hapana jamani, ni kubwa kuliko zote tunazozijua tu. Namba tasa haziishi. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishaonyesha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita: chukua namba tasa zote ulizonazo, zizidishe, ongeza 1, jibu ukiligawa kwa yoyote kati ya hizo inabaki 1, kwa hiyo lazima kuna namba tasa nyingine inayoligawa ambayo huna kwenye listi yako. Na hapa napo wengi wanateleza, wanasema basi jibu lenyewe lazima liwe tasa, sio lazima! 2×3×5×7×11×13+1 ni 30,031, ambayo ni 59×509, ila cheki, 59 na 509 zote ni tasa na kwenye listi yako hazikuwepo.